Naomba ushauri: kubadilisha tairi mbele na nyuma kwenye uwanja wa mchanga

Wakuu, gari langu ni Toyota IST inayovuta mbele, ipo Mikindani, tairi zimefikisha kilomita 10,000. Hazina mshale wa mwelekeo, kwa hiyo za mbele zitarudi nyuma upande uleule, za nyuma zije mbele kwa kupishana. Nati nitalegeza gari likiwa bado chini. Nikinyanyua nyuma, handibreki haisaidii kitu, kabari ziwe kwenye tairi za mbele.

Kasheshe ni mchanga: jeki inadidimia upande mmoja, gari linateleza. Ubao wa inchi 2 chini ya jeki na stendi za kushikilia gari unatosha, au nitafute zege tu? Halafu, bila spana ya kupima nguvu ya kukaza nati, ile 103 Nm inayotakiwa mnakadiriaje? Kukanyagia spana kunavuta stadi (bolti zinazoshika nati). Mtwara mjini spana hiyo ya kupima inakodishwa?