Naombeni ushauri, vifaa vya kupanda farasi

Wakuu habari zenu, ndo nimepata farasi wangu wa kwanza, jike mpole tu, sasa kwenye vifaa ndo kichwa kinaniuma. Helmeti nanunua mpya, hapo sibishani na mtu, ya mtumba huwezi jua ilishapigwa chini ikapasuka ndani, na buti ziwe na kisigino mguu usipenye kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia, ukaburutwa. Shida tandiko. Kuna jamaa ananiuzia lake la ngozi, zuri balaa, ila nikiliweka linakalia kabisa mfupa wa juu ya mabega, hata kidole hakipiti, yeye anasema niongeze blanketi chini litakaa, mi naona ndo litazidi kumbana. Nilichukue au niachane nalo? Na lijamu, chuma cha mdomoni mwa farasi, ile ya kuungwa katikati inamfaa anayejifunza?