Binti aanze na sindano ya mkono au akae moja kwa moja kwenye cherehani?

Mama Neema, Morogoro

Habari zenu wapendwa, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu hapa Mafiga, Morogoro. Kazi yangu kubwa ni sare za shule: sketi za bluu, mashati meupe, kaptula za kaki. Desemba ikifika vitambaa vinajaa mpaka kwenye makochi ya sebuleni, na wageni tunawatolea viti nje. Likizo hii binti yangu, yuko kidato cha pili, ameniomba mwenyewe nimfundishe, akaja na wenzake wawili wa nyumba ya jirani. Nimefurahi mno. Tulipokwama ni pa kuanzia.

Mimi nataka waanze kwa mkono. Wao wanataka cherehani tangu siku ya kwanza. Binti ananionyesha video kwenye simu, dada mmoja anakata gauni na kulimaliza bila kushika sindano ya mkono hata kidogo. "Mama, mbona huyu hajapiga bandi popote?" Bandi ni ule mshono wa mkono wa muda, wa kushikiza tu kitambaa kabla ya kukishona.

Nieleze nilivyofundishwa mimi, mtanielewa. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1988. Shuleni kwetu sayansikimu, somo la mapishi na ushonaji, ilikuwa mchana, baada ya kazi za shamba la shule, na siku za joto tulikuwa tunakaa chini ya mwembe na kuelekea upande wa milima ya Uluguru ili upepo utupate. Kila msichana alikuwa na sindano yake moja. Tulizihifadhi kwenye boksi la kiberiti, zimechomwa kwenye kipande cha kitambaa zisipate kutu. Sindano ya mtu ikidondoka, somo linasimama, wote tunapiga magoti mchangani mpaka ionekane, maana madukani hazikuwepo na mwalimu alikuwa anajua nani nyumbani kwao hawataweza kumnunulia nyingine.

Kitambaa kilikuwa marekani, ile pamba isiyotiwa rangi, kipande cha mraba cha kutosha kiganja. Bandi kwanza. Halafu mshono wa kurudi nyuma, pindo, mnyororo, na mwisho kabisa kitundu cha kifungo, ambacho kiliwaliza wengi. Mwalimu wetu alikuwa mama mpole wa sauti, lakini mkono wake haukuwa na huruma. Anakunja kitambaa chako, anakiangalia upande wa nyuma kabla ya mbele, akiona hatua moja ndefu na nyingine fupi anachomeka ncha ya mkasi, anafumua yote, anakurudishia bila neno. Unaanza upya, na kitambaa kwa wakati huo kimeshakuwa cheusi kwa jasho la vidole. Ukifaulu unakipachika kwenye daftari, unaandika chini yake jina la mshono na matumizi yake. Cherehani ya shule ilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na hakuna aliyeigusa kabla daftari halijakamilika.

Daftari hilo ninalo mpaka leo. Pindo langu la darasa la sita bado limeshika.

Sikuchaguliwa kwenda sekondari. Nafasi zilikuwa chache sana miaka ile, tulikuwa tunamaliza darasa zima na wanaokwenda ni wa kuhesabu. Niliumia, nilikuwa napenda shule. Ila mwaka uliofuata fundi mmoja wa Mji Mpya alinichukua kibarua cha kumalizia nguo, yaani kupinda, kutia vifungo na kukata nyuzi, na alinichukua kwa sababu ya lile daftari. Nilimpelekea akalipekua, akaniambia njoo kesho. Kwa hiyo mnapoona nashikilia mkono kwanza, mjue natetea kitu kilichonilisha, na kimewasomesha hawa watoto.

Swali langu kwa mafundi, walimu na wazazi: je, nashikilia njia sahihi kwa watoto wa leo, au nawachosha bure mpaka waikimbie kazi? Ninyi mlianzaje?

Fundi Shabani, Tanga

Mama Neema, salaam sana. Mimi sikupita kwenye sayansikimu, wavulana tulipelekwa kwenye useremala. Nilijifunzia kwa mjomba wangu dukani, na yeye alinikalisha kwenye cherehani siku ya kwanza. Lakini sikiliza alivyonikalisha.

Kwanza alilegeza ile skrubu kubwa ya katikati ya gurudumu, ile tunayoilegeza tukitaka kujaza bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Ukiilegeza, gurudumu linazunguka lakini sindano haishuki. Nikawa nakanyaga tu. Unajua kosa la kila mwanafunzi wa cherehani ya miguu: anakanyaga, gurudumu linageuka kinyume, uzi unajisokota chini ya kitambaa au unakatika. Miguu lazima izoee kwanza, gurudumu lije upande wako kila ukianza, na ukisimamisha lisimame unapotaka. Hapo hakuna uzi wala kitambaa, hakuna hasara.

Halafu akanipa karatasi ya daftari yenye mistari. Cherehani bila uzi, unafuata mstari kwa matundu ya sindano. Mistari ilionyooka ikikubali, anakuchorea pembe nne, ujifunze kusimama sindano ikiwa chini, kunyanyua mguu wa cherehani, kile kichuma kinachobana kitambaa, kugeuza, kuendelea. Mwisho anakuchorea duara. Duara ndiyo shingo ya gauni na ndiyo kwapa, asiyeweza duara kwenye karatasi hataweza kutia mkono wa shati.

Mpaka hapo mtoto yuko kwenye cherehani kama anavyotaka, na wewe hujapoteza hata robo yadi. Mimi naona hii inamaliza ugomvi wenu. Bandi itakuja yenyewe siku atakapokutana na kitambaa kinachoteleza.

Mwalimu mstaafu, Dodoma

Marahaba mwanangu Mama Neema. Nimefundisha sayansikimu shule za msingi kwa muda mrefu, na nimesoma habari ya kufumua kwa ncha ya mkasi nikajiona mwenyewe.

Nikuambie jambo ambalo wanafunzi hatukuwaambia. Tulianza na mkono kwa sababu cherehani hazikuwepo. Baada ya elimu ya msingi kwa wote kuanza mwaka 1977, madarasa yalijaa watoto, na shule yenye cherehani moja nzima ilikuwa na bahati. Nyingine hazikuwa nayo kabisa. Ungewapangaje watoto arobaini kwenye cherehani moja kwa kipindi cha dakika arobaini? Mwongozo ulitaka Elimu ya Kujitegemea, mtoto atoke na ujuzi mikononi, nasi tulikuwa na sindano, marekani na mwembe. Tukafanya na vilivyopo, na tukavifanya vizuri.

Kwa hiyo utaratibu ule usiuchukue kama sheria. Ungeniwekea cherehani kumi mwaka 1985 ningewakalisha wote siku hiyo hiyo.

Kitu ambacho nisingekiacha hata ningekuwa na cherehani kumi ni daftari. Mtoto apachike kila mshono, aandike jina, aandike unatumika wapi. Anayeandika anafikiri. Na mnaona faida yake, lilikuombea kazi. Huyo binti yako, kama ataendelea kuipenda, muulizie pia VETA, vyuo vya ufundi stadi, baada ya kidato cha nne. Na tangu Januari 2024 mtaala mpya umeleta mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, sekondari kuanzia kidato cha kwanza, japo yeye ameshaupita mlango huo, wadogo zake watauwahi.

Mama Kui, Nakuru

Mama Neema, umenirudisha mbali. Sisi huku Kenya mfumo wa elimu wa 8-4-4, miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulipoanza mwaka 1985 tuliletewa sayansikimu kwa nguvu, na mtihani juu. Wazazi walilalamika sana kuhusu gharama ya vifaa. Kufuma sweta tulitumia spoku za baiskeli. Kaka yangu alizinoa kwenye jiwe, akazikunja upande mmoja ili uzi usiteleze ukatoka. Nilifuma soksi moja ya mtoto na nyuzi zilizofumuliwa kwenye sweta kuukuu la baba, ya pili sikuimaliza kwa sababu nyuzi ziliisha.

Mimi sikuwa fundi, nauza mboga. Lakini watoto wangu hawajawahi kwenda shule na kifungo kilichokatika, wala zipu iliyoachia mshono. Hiyo ni kazi ya mkono, hakuna mtu huwasha cherehani kwa sababu ya kifungo. Kwa hivyo wafunze yote, lakini usimwache msichana wala mvulana aondoke kwako bila kujua kutia kifungo na kupinda. Mwenye cherehani atakuwa mmoja kati yao. Mwenye nguo ni kila mtu.

Bi Zuhura, Unguja

Assalam aleikum. Kwetu kofia za viua, zile zenye vitundu vilivyodariziwa, zinashonwa kwa mkono mpaka leo, kitundu baada ya kitundu, na kofia moja inaweza kukaa na mtu wiki kadhaa. Mimi nilifundishwa na bibi yangu alasiri baada ya chuo cha Kurani. Hakunipa kofia nzima. Alinipa kipande, nikitoboa vibaya hakifumuki tena, tundu limeshakuwa tundu. Ndipo nilipojifunza kutazama kabla ya kuchoma.

Nasema hivi kwa Mama Neema: mkono unafundisha macho. Lakini watoto wako wape kitu cha kuvaa, si vipande vitupu. Mtoto akivaa alichokishona atarudi kesho bila kuitwa.

Mama Neema, Morogoro

Jamani asanteni. Mwalimu wangu, shikamoo tena. Neno lako la cherehani kumi nimekaa nalo sana. Miaka yote nimeamini tulizuiwa cherehani kwa sababu hatujaiva, kumbe mlikuwa mnatuficha upungufu ili tusijione wanyonge. Nimezidi kuwaheshimu.

Fundi Shabani, njia yako ya karatasi nimeijaribu nao jana. Uliyosema ndiyo yaliyotokea: wote watatu gurudumu lilienda kinyume. Nikalegeza skrubu, wakakanyaga kwa zamu huku nachambua maharage pembeni, na ilipofika jioni mmoja alikuwa ameshashika mwendo. Binti yangu bado anaanza kwa kustuka. Nimemwambia aguse gurudumu kwa mkono wa kulia kwanza, lije upande wake, ndipo mguu ufuate.

Bi Zuhura, nimechukua shauri lako. Kitu chao cha kuvaa kitakuwa sketi ya marinda, maana ndiyo kazi iliyopo mezani, na kwenye marinda bandi haikwepeki. Nimewapigisha hesabu kwanza. Kiuno cha mtoto inchi 24, rinda moja lionekane inchi moja, kila rinda linakula inchi tatu za kitambaa: moja ya juu, mbili zimejificha. Inchi 24 mara tatu ni 72, yaani yadi mbili, ongeza kidogo ya kuungia. Binti akauliza mbona kitambaa kina upana wa inchi 60 tu, tutaunga wapi? Nikamgeuzia kitambaa. Ukikata kufuata urefu wa jora, yadi mbili na kidogo zinakupa mzunguko mzima bila kuunga katikati, na ule upana wa 60 unatoa sketi mbili za mtoto, moja juu moja chini, pamoja na pindo zake. Alinitazama, akachukua kalamu akaichora mwenyewe. Kwa kitambaa cha tetroni njia hii haina neno.

Sasa marinda 24 unayashikaje yakae sawa mpaka uyapige pasi na kuyatia mshipi wa kiuno? Pini zinahama, na pasi ya mkaa ikipita juu ya pini inaacha alama. Hapo yule wa kwenye video atanipa jibu gani? Ni bandi, kiunoni mstari mmoja na chini karibu na pindo mstari mwingine, uzi wa rangi tofauti ili uuone wakati wa kuutoa. Wamepiga bandi leo asubuhi wenyewe, bila mimi kuwalazimisha, kwa sababu marinda yaliwafunguka mara ya kwanza.

Na madaftari nimewanunulia. Mama Kui, ukurasa wa kwanza ni kifungo. Mdogo wao wa kiume naye amekuja na shati lake, nimempa sindano.

Fundi, nina swali moja tu limebaki. Karatasi haitanimalizia sindano? Natumia namba 16 kwa kaki na 14 kwa tetroni, na zote sasa hivi zina kazi ya wateja.

Fundi Shabani, Tanga

Itakumalizia, karatasi inatafuna ncha. Usitumie sindano ya wateja. Zile unazotoa kwa sababu zimekuwa butu usitupe, weka kwenye kikopo chao, ndizo za karatasi. Wakimaliza zoezi toa sindano kabisa kwenye cherehani usije ukasahau ukaanza shati jeupe nayo, itavuta nyuzi. Halafu funua kibati cha chini, safisha vumbi la karatasi kwa brashi pale bobini inapokaa, tia tone la mafuta, na ushone kwanza kitambaa cha ovyo mpaka mafuta yaishe kutoka.