Tupeane uzoefu: mwalimu wa sanaa za mapigano ambaye angestahili kuenziwa, na alichokifanya hasa

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, mada hii nimekaa nayo moyoni kwa muda mrefu. Kila tunapozungumzia watu wa kuenziwa katika judo, karate, taekwondo na sanaa nyingine za mapigano, majina yanayotangulia ni ya wenye medali, na sina ugomvi na hilo, kwa kuwa medali haiokotwi njiani. Hata hivyo, wapo walimu ambao hawajawahi kupanda jukwaani, na bila wao mabingwa hao wasingefika hata kwenye mzani wa kupimia uzito. Naomba kila mmoja atueleze habari za mwalimu wake bila kumtaja jina, na aseme hasa alifanya nini, maana neno "alinisaidia sana" halitoshi kumwenzi mtu.

Naanza na wangu. Yeye alinifundisha kuanguka. Nilijiunga na judo nikiwa na hamu ya kurusha watu, naye kwa miezi mitatu hakuniruhusu kushika ukosi wa mtu yeyote. Tulianguka chali, tukaanguka kwa ubavu, tukabingiria mbele, tukiupiga mkeka kwa mkono mzima kuanzia kiganja hadi karibu na kwapa, kidevu kikiwa kimebanwa kifuani ili kisogo kisiguse chini. Mara nyingi alinipa mgongo na kusikiliza tu. Mlio mmoja mkavu ulimwonyesha kwamba mkono na mwili vimefika chini pamoja; milio miwili ilimwonyesha kwamba kiwiko kimetangulia, na papo hapo alisema, "Rudia." Wenzangu kadhaa walichoka wakaondoka. Katika mashindano yangu ya kwanza nilinyanyuliwa juu kabisa, nikaangukia ubavu, mwamuzi akampa mpinzani wangu wazaari, yaani alama iliyo chini ya ushindi kamili, nami nikainuka mzima, nikafunga upya mkanda uliolegea na kuendelea. Nilishindwa pambano lile, lakini niliondoka pale kwa miguu yangu mwenyewe.

Baadaye nilielewa kwamba kazi ile ndiyo uti wa mgongo wa judo. Jigoro Kano, mwasisi wa judo, aliyeanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882 na ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa ualimu, aliziacha mbinu za hatari ndani ya kata, yaani mifuatano ya mbinu iliyopangwa, ili katika randori, yaani mapambano huru ya mazoezi, wanafunzi waweze kupambana kwa nguvu zao zote na kesho yake warudi mazoezini. Mwanafunzi asiyejua kuanguka hawezi kuingia katika randori hiyo.

Mchangiaji wa pili

Nashukuru kwa mada hii. Simulizi langu linahitaji kwanza habari za mwanamke mmoja anayejulikana. Keiko Fukuda alizaliwa mwaka 1913, akawa mwanafunzi wa Kano mwenyewe, na kwa miaka mingi alizuiliwa kwenye dani (daraja la mkanda mweusi) ya tano kwa sababu moja tu, kwamba wanawake hawakuruhusiwa kupanda zaidi ya hapo. Dani ya sita aliipata mwaka 1972. Dani ya kumi alipewa nchini Marekani mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 98, na miaka yote hiyo alikuwa akifundisha. Rusty Kanokogi, mwanajudo wa Marekani, naye alishindana mwaka 1959 katika mashindano ya judo ya New York huku akidhaniwa kuwa mwanamume, timu yake ikashinda, kisha akatakiwa kurudisha medali yake ilipobainika kuwa ni mwanamke. Mwaka 1980 alisimamia mashindano ya kwanza ya dunia ya judo kwa wanawake, na mwaka 1992 judo ya wanawake ikaanza kutolewa medali kamili za Olimpiki. Mimi nilipata mkanda mweusi juu ya jasho la watu hawa.

Mwalimu wangu alikuwa mwanamume. Siku ya mtihani wangu, mtahini mmoja aliyealikwa alipendekeza wanawake wapunguziwe sehemu ya mapambano, na alisema hivyo kwa upole kabisa, akidhani anatufanyia hisani. Mwalimu wangu alisimama, akainama kwa heshima, akajibu kwamba mwanafunzi wake amejiandaa kwa mtihani mzima, na iwapo hatapewa mtihani mzima basi tutarudi siku nyingine. Palikuwa kimya. Nilipewa mtihani mzima, nikapambana na watu watano mfululizo, na mkanda ninaoufunga leo hakuna awezaye kuniambia kwamba ni nusu.

Mchangiaji wa tatu

Wangu alininyima mkanda, na ni kwa sababu hiyo ninamwenzi. Katika karate nilijua kata zangu zote, mateke yangu yalikuwa ya haraka, na nilikuwa na uhakika wa kufaulu. Alinifelisha kwa sababu nilikuwa nikiwapiga wenye mkanda mweupe kwa nguvu nisizothubutu kuzitumia kwa walionizidi. Alinipa miezi sita ya kuwafundisha hao hao hatua za mwanzo. Sikuzungumza naye kwa wiki nzima. Leo mmoja wa wale wanafunzi anashindana, na mimi ndiye ninayemshikia pedi.

Mwanzisha mada

Ndugu, hapo umegusa jambo zito. Mwalimu akiogopa kumpoteza mwanafunzi atagawa mikanda ovyo, na wote waliobaki watalipia. Endeleeni.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni mwenye uoni hafifu. Judo ya wasioona imo katika Michezo ya Paralimpiki tangu mwaka 1988, na tofauti yake kubwa na judo nyingine ni kwamba wapinzani huanza wakiwa tayari wameshikana, kwa kuwa kutafutana mikono ndiko kunakohitaji macho. Nilipofika kwenye dojo (ukumbi wa mazoezi) ya kwanza niliambiwa kwa adabu kwamba hawana mtu wa kunifundisha. Ya pili ilikuwa na mwalimu ambaye naye hakuwahi kumfundisha asiyeona, ila hakunificha hilo, akaniomba nimpe wiki mbili.

Katika wiki hizo, kama alivyonisimulia mwanafunzi wake mmoja, alifanya mazoezi akiwa amefungwa kitambaa machoni kila jioni, akirushwa na vijana wake mwenyewe. Niliporudi hakuanza kwa maelezo marefu. Aliuchukua mkono wangu wa kulia akauweka kwenye ukosi wake, wa kushoto akauweka kwenye mkono wa vazi lake, karibu na kiwiko, kisha akahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine polepole sana na kuniuliza, "Nipo juu ya mguu upi?" Nilikosea. Akahama tena, akauliza tena. Tulifanya hivyo kwa karibu saa nzima bila mtu kuanguka, na ilipokaribia mwisho niliusikia ule mvuto mdogo wa kitambaa katika vidole vyangu kabla hajamaliza kuhama, nikamjibu, naye akasema, "Sasa nirushe."