Mama wa pwani na samaki wa ziwa: tule wapi Kisumu?

Swali, kutoka Nakuru

Hamjambo ndugu zangu. Mwezi wa Mei nitasafiri kwenda Kisumu pamoja na mama yangu, ambaye amezaliwa na kukulia Mombasa, na ambaye maisha yake yote amekula changu, tafi na nguru. Samaki wa Ziwa Viktoria amewaonja hapa Nakuru tu, wakiwa wamekwisha kulala kwenye barafu. Daktari amemwambia apunguze mafuta. Tule wapi, na tuagize nini, ili asirudi akisema kwamba samaki wa maji baridi hana ladha?

Jibu la kwanza

Karibuni sana. Nendeni Dunga, ufuo wa wavuvi ulio kusini mwa mji kando ya mafunjo, ambako mashua huteremsha samaki na akina mama huwauza na kuwapika palepale. Fikeni asubuhi, kabla jua halijawa kali. Msianze kwa kutafuta meza, anzeni kwa kumchagua samaki: funueni shavu mwone kama matamvua ni mekundu, tazameni kama macho yanang'aa, kisha bonyezeni mnofu mwone kama unarudi mahali pake.

Kwa mama, agizeni ngege (yaani tilapia) mzima aliyechemshwa kwa nyanya, kitunguu na chumvi kidogo, pamoja na ugali wa mtama na osuga, yaani mboga ya mnavu. Wageni wengi hukosea hapa, kwa sababu wasiposema mapema kwamba hawataki samaki akaangwe, mpishi humtia kwanza katika mafuta mengi ndipo amrudishe mchuzini, maana ndivyo wateja wengi wapendavyo. Semeni kabla hajaondoka mkononi mwenu.

Jibu la pili

Nakubaliana kuhusu Dunga. Msitarajie omena, yaani dagaa wa ziwani, wabichi mwezi huo, kwa kuwa upande wa Kenya uvuvi wao hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaliane, kwa hiyo mtakaowapata ni wa kukaushwa. Ulizeni pia kama ngege amevuliwa ziwani au amefugwa kwenye vizimba. Mimi humpenda wa ziwani, kwani mnofu wake ni mkavu kidogo na haupotei mchuzini.

Jibu la tatu

Ngege ana miiba, na kwa mtu mzima ningeagiza mbuta, yule ambaye Watanzania humwita sangara. Si mwenyeji wa ziwa hili, kwani aliletwa katika miaka ya 1950, lakini mnofu wake ni mnene na hauna miiba midogo. Minofu mingi husafirishwa hadi Ulaya, na mifupa inayobaki, tunayoiita mgongo wazi, hukaangwa na kuuzwa kwa bei nafuu. Mgongo wazi mtamu sana, ila kwa agizo la daktari, mwacheni mama aonje kipande tu.

Muulizaji

Asanteni sana. Nimemsomea mama majibu yenu yote. Anasema miiba haimtishi, kwa kuwa tafi amemla tangu utotoni, na kwamba tukifika Dunga samaki atamchagua mwenyewe.