Naomba ushauri: sosi ya kitunguu saumu cha kuoka, mafuta yanajitenga

Wakuu, habari. Naombeni msaada kwenye sosi nzito ya kuchovyea chipsi na mihogo.

Vipimo: vichwa 2 vya kitunguu saumu, yai 1 zima, mafuta ya alizeti mililita 200, maji ya limao kijiko 1 kikubwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Vichwa nakata ncha, napaka mafuta, nafunga kwenye foili na kuoka nyuzi 200 kwa dakika 40 mpaka punje ziwe laini, kahawia hafifu. Zikiungua sosi yote inakuwa chungu, na sukari haifichi kitu.

Hapo sina shida. Shida iko kwenye blenda: mafuta yakibaki kama robo, sosi iliyokwisha kushika inalegea ghafla na mafuta yanaelea. Namimina taratibu, uzi mwembamba kabisa. Nashuku joto, maana punje zinaingia zikiwa bado vuguvugu na blenda nayo inapasha. Au limao liingie mwanzoni pamoja na yai? Haradali kijiko cha chai itasaidia kushikanisha?

Iliyojitenga naiokoa kwa kiini kipya, nikiirudisha kijiko kwa kijiko, lakini ni yai jingine hilo.

Pia, anayetumia mtindi badala ya yai bichi anauchuja kwa muda wa saa ngapi? Wangu niliouchuja kwa saa 2 unatoa maji kesho yake, hata ndani ya friji.