Nimekodishiwa ndege yenye GPS iliyokwisha muda, nikaambiwa "Mlima Mbeya haujahama"

Ndugu wanajamvi,

Ninaandika nikiwa na hasira na sitaificha. Wiki iliyopita nililipia saa mbili za ndege ya injini moja, kwa kampuni ambayo sitaitaja, ili nifanye mazoezi ya kutua kwa vifaa, yaani kwa kuongozwa na vifaa vya ndegeni bila kutegemea kuona nje, katika uwanja wa Songwe, Mbeya, nikiwa na mwalimu wao. Tangazo lao lilijigamba kwamba ndege ina GPS ya kurukia mawinguni. Nilipoiwasha, tukiwa bado chini, skrini yenyewe ikanitangazia kwamba hifadhidata yake, yaani kumbukumbu ya njia na taratibu za kutua, ilikwisha muda miezi saba iliyopita.

Hifadhidata hiyo hutolewa upya kila baada ya siku 28. Mwenye ndege alinijibu, tena akicheka, kwamba Mlima Mbeya haujahama. Ni kweli haujahama, na hicho ndicho kinachonitisha, kwa sababu kilele chake kinapita meta 2,800 ilhali uwanja uko kwenye meta 1,300 na ushei, na ukungu wetu wa asubuhi sote tunaujua. Vinavyobadilika ni nukta za njia, masafa ya redio na vimo vya chini vinavyoruhusiwa. Minara ya simu nayo inaota kama uyoga.

Lililonichoma zaidi lilitoka kwa mwalimu. Alipoona utaratibu wa kutua tuliokusudia kuufuata, yaani msururu wa nukta na vimo hadi uwanjani, haumo kwenye kifaa, alinishauri niingize nukta zake kwa mkono huku nikizisoma kwenye karatasi! Kila aliyesomea kuruka kwa vifaa anajua kwamba hilo ni marufuku: utaratibu huitwa mzima kutoka kwenye hifadhidata, kwa jina lake. Huo si urasimu. Kifaa cha zamani kama kile, kikishaitiwa utaratibu halisi, hukagua kwanza kama setilaiti zinatosha kugundua ishara mbovu, na zinapobaki maili mbili za baharini kufika nukta ya kuanzia mteremko wa mwisho, hubana kipimo cha mshale unaoonyesha umepotoka kiasi gani kutoka kwenye njia, kutoka maili 1 hadi maili 0.3, yaani meta 556 kila upande. Nukta ulizojitungia hazikiamshi kufanya hivyo. Mshale utakubembeleza karibu na katikati ilhali umepotoka meta mia kadhaa kuelekea mlimani, na hutaona onyo lolote.

Asije mtu hapa akanitajia WAAS; huo ni mfumo wa Marekani wa kusahihisha ishara za GPS, na masahihisho yake hayaihudumii anga yetu. Kwa kifaa kile, huku tunashuka kwa kutazama kipimakimo, hatua kwa hatua.

Nilizima injini nikashuka. Sasa wanadai fedha hazirudi kwa kuwa aliyeghairi safari ni mimi, na barua zangu mbili hawajazijibu. Aliyewahi kurudishiwa fedha katika hali kama hii naomba anieleze alianzia wapi.