Mjadala: Kufungiwa ndani wakati wa korona kulitusaidia, au tuliumizwa bure?

Kaskazi (mleta mada)
Wakuu, miaka imepita na nadhani sasa tunaweza kulizungumza hili bila kutukanana. Ile amri ya kukaa ndani ya mwaka 2020 ilikuwa ya lazima? Na ilifanya kazi? Msimamo wangu nauweka wazi: mwanzoni ilikuwa lazima. Wuhan ilifungwa tarehe 23 Januari, Italia nzima ikafungwa Machi 9, na siku chache baadaye malori ya jeshi yakaonekana yakihamisha majeneza kutoka Bergamo kwa sababu sehemu ya kuchomea maiti ilikuwa imezidiwa. Chanjo hakuna, vipimo haba, dawa haijulikani. Kiongozi angefanya nini kingine? Wasiwasi wangu ni kilichofuata, ile miezi ya kufunga na kufungua bila mpango. Karibuni.

Hesabu Kali
Mkuu, tulitishwa. Profesa Neil Ferguson wa Imperial College, chuo kikuu cha London, alisema Uingereza watakufa watu nusu milioni. Wako wapi? Halafu kuna wachumi, mmoja wao wa chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, walikusanya tafiti mwaka 2022 wakakuta amri zile zilipunguza vifo kwa asilimia 0.2 tu katika wimbi la kwanza. Sweden hawakufunga na wapo mpaka leo. Watu wamefilisika, ndoa zimevunjika, kwa ajili ya ugonjwa uliokuwa unachukua wazee ambao siku zao zilishafika.

Nesi wa Zamu
"Siku zao zilishafika." Ndugu yangu, nilikuwa wodini, ngoja nikueleze. Mgonjwa wa korona aliyezidiwa hafi kwa kusinzia. Unamgeuza kifudifudi ili sehemu ya nyuma ya mapafu ipate hewa, kile kidude cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu kinasoma asilimia 80, kinashuka 78, naye anakushika glavu anakuuliza kama simu yake ina chaji, maana anataka kumuaga mwanawe kabla hujamwekea mpira kooni. Niliowageuza walikuwemo watu wa miaka arobaini. Na hata wangekuwa na tisini wote, nani alikupa wewe kalenda yao?

Hesabu Kali
Dada, usinilishe maneno. Sijasema wazee wafe. Nimesema umri ndio uliokuwa hatari kubwa kuliko vyote, na hilo hakuna daktari anayelipinga. Sasa kama hatari iko kwa wazee, kwa nini umfungie kijana wa miaka ishirini?

Mjukuu wa Bibi
Umeandika "siku zao zilishafika", maneno yako yako hapo juu na tunayasoma. Bibi yangu alilea wajukuu watano baada ya wazazi wao kufa. Korona ilimkuta akiwa bado analima. Usituletee hesabu, omba radhi kwanza.

Hesabu Kali
Siombi radhi kwa kusema ukweli wa takwimu. Pole kwa msiba wako.

Kaskazi
Jamani turudi kwenye mada. Hesabu Kali, Ferguson alisema vifo 510,000 *kama hakuna hatua yoyote itakayochukuliwa*, na watu hawatabadilisha mwenendo. Hatua zilichukuliwa, na bado Uingereza walizika zaidi ya watu 200,000. Hiyo asilimia 0.2 ilitoka kwenye andiko ambalo wakati linatangazwa lilikuwa halijapitiwa na wataalamu wengine, na wapo walioupinga vikali ule uchaguzi wa tafiti zilizoingizwa. Kuna waliokokotoa kinyume kabisa: timu ya Imperial iliandika kwenye jarida la Nature, Juni 2020, kwamba hatua zile ziliepusha vifo kama milioni 3 katika nchi 11 za Ulaya. Mimi hesabu zote mbili sizimezi nzima nzima.

Mjukuu wa Bibi
Na hiyo Sweden unayoisifia, mfalme wao mwenyewe, Carl XVI Gustaf, alisema hadharani Desemba 2020 kwamba wameshindwa. Walioshindwa kuwalinda ni akina nani? Wazee, kwenye nyumba za kutunzia wazee! Norway na Finland, majirani zao, walipoteza watu wachache mno mwaka ule.

Hesabu Kali
Umesimama mwaka 2020 hutaki kusogea. Jumlisha mpaka 2022 uone: Sweden ni miongoni mwa nchi za Ulaya zilizokuwa na ongezeko dogo kabisa la vifo kuliko kawaida. Na watoto wao wadogo walibaki darasani. Oktoba 2020 kuna wataalamu walitoa tamko la Great Barrington wakasema hivi hivi: walindeni walio hatarini, wengine waendelee na maisha. Wakaonekana wauaji.

Nesi wa Zamu
Walindwe na nani, Hesabu Kali? Anayemwogesha mzee ni binti anayepanda basi. Anayempikia ana watoto, na anayemchoma sindano ni mimi, niliyetoka kwenye foleni na umati ule ule unaotaka "uendelee na maisha". Virusi vikitapakaa mjini, mlango wa mzee haufungiki. Lile tamko halikuwahi kunijibu hapo.

Mama Wawili
Mnabishana juu ya Sweden na mfalme. Mimi nauliza shule. UNESCO walihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni moja na nusu nje ya madarasa Aprili 2020. Uganda shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022! Mwanangu wa pili alikuwa ndiyo kwanza anaunganisha silabi. Aliporudi alikuwa anashika kitabu anataja picha, maneno hayaoni. Baa zikafunguliwa kabla ya darasa lake. Nani aliamua hivyo?

Kaskazi
Mama, umegusa penyewe. Amri ni ile ile, lakini haikumkuta kila mtu sawa. New Zealand walifunga Machi 25, wakafunga na mipaka, na mwaka ule vifo vyao kwa jumla vikawa chini ya kawaida. Peru walifunga mapema zaidi, Machi 16, askari barabarani, na wakaishia kuwa kati ya waliozika wengi zaidi duniani kwa uwiano wa watu. Karibu nusu ya kaya hazikuwa na friji, kwa hiyo lazima urudi sokoni kila mara, na sokoni ndiko virusi vilikojaa. Pesa ya msaada ikabidi ifuatwe benki, foleni ikazunguka jengo. India walitangaziwa usiku wa Machi 24, saa chache tu kabla ya kuanza, na vibarua wakarudi kwao kwa miguu. Mei 8 treni ya mizigo ikawakanyaga 16 waliokuwa wamelala relini karibu na Aurangabad, wakiamini treni hazitembei. Hao hawamo kwenye hesabu za korona, na mimi nawahesabu.

Hesabu Kali
Sasa hapo unakubaliana na mimi.

Kaskazi
Sikubaliani. Nasema muda ulinunuliwa kwa bei ya damu, na serikali nyingi zikaupoteza. Ungetumika kuongeza oksijeni, kufungua madirisha ya madarasa, kumpelekea kibarua chakula mlangoni.

Mjukuu wa Bibi
Bibi alikufa peke yake. Tulizuiwa getini. Hilo nalo lilisaidia nani?

Hesabu Kali
Hapo tuko pamoja, ndugu yangu. Hilo nalipinga tangu siku ya kwanza.

Nesi wa Zamu
Mwanzoni gauni za kujikinga hazikututosha hata sisi, tulivaa moja zamu nzima. Mwaka uliofuata zilikuwepo kabatini, na ndugu mmoja angeweza kuvalishwa akaingia kwa nusu saa. Tuliandika barua tukiomba hivyo. Zuio likabaki, na walioling'ang'ania hawakuwahi kuingia wodini.

Mjukuu wa Bibi
Asante kwa kuandika barua, dada.

Mama Wawili
Poleni nyote. Lakini nimeuliza shule na hakuna aliyenijibu. Likija gonjwa jingine, nataka iandikwe mapema: darasa la kwanza mpaka la tatu ndiyo ya mwisho kufungwa na ya kwanza kufunguliwa. Nani humu anapinga, na kwa hoja gani?